Lori la Pili

Treni kutoka Zambia iliingia stesheni ya Tunduma saa nne asubuhi, na Yunisi Nambeye alikuwa amekwisha kupanga mafungu yake ya maharage juu ya gunia, kando ya ukuta ambapo kila abiria hana budi kupita. Wakateremka wanawake wenye marobota ya vitenge, fundi wa reli aliyebeba kuku, na Wazungu wachache wenye mitungi ya chuma ya rangi ya njano. Mmoja wao, mama mrefu aliyebabuka pua kwa jua, aliinama akayasifu maharage, kisha akauliza kwa Kibemba cha migodini kama bemba iko mbali. Kwa Kibemba neno hilo ni ziwa, na ni bahari pia. Yunisi, ambaye ana ndugu zake Nakonde na Kibemba anakisikia, alinyoosha mkono kuelekea vilima vya nyuma ya Hasamba. Akasema lori la kambi ya wazamiaji liko nje linawasubiri.

Yule mama aliitwa Inga. Mumewe alikuwa mhandisi kwenye migodi ya shaba, na kila mwaka walikwenda likizo ya kuzamia kwenye visiwa vya pwani. Mwaka huu waliambiwa na wenzao kwamba bahari ya Ntinga ni karibu zaidi, maji yake ni safi, na nyumba za chini ya maji bado zimesimama. Haya yote aliyaeleza njiani, ndani ya lori, maana Yahaya, dereva wa kambi, hakuwa mtu wa kumwacha jirani atembee huku bodi lina nafasi. Yunisi aliteremka kwenye kijiji cha Maendeleo, kando ya barabara, na lori likaendelea na wageni wake.

Kabla ya Maendeleo, kwao Yunisi kulikuwa Ntinga. Mwaka wa sabini na nne ilitolewa amri watu wote wakae kwenye vijiji vya barabarani, na Ntinga, iliyokuwa bondeni, ikapangiwa siku yake. Mgambo walikuja na lori moja. Walipakia watu, mitungi ya maji, mbuzi na milango. Mama yake Yunisi, Felista, alikuwa na miguu iliyovimba na hakuweza kupanda. Katibu kata, Ndugu Zebedayo, alisema wazee na wagonjwa watafuata na lori la pili, wakae ndani wasubiri. Wagonjwa wengine walibebwa na watoto wao mgongoni. Yunisi alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na mwingine mkononi, na mumewe alikuwa migodini. Akamwambia mama yake, nitakuandalia mahali pa kulala. Lori likaondoka.

Lori la pili halikuja. Wengine walisema dizeli iliisha, wengine walisema lilipelekwa kubeba saruji. Jioni ile mgambo walichoma nyumba ili watu wasipate pa kurudia. Yunisi aliporuhusiwa kwenda kuangalia alikuta majivu yaliyokwisha kunyeshewa mvua. Aliyapekua kwa jembe. Akapata chungu na sahani ya bati. Hakupata mfupa.

Aliporudi kutoa taarifa, Zebedayo alimwambia kwa upole kwamba Ntinga ilihamishwa yote, hakuna aliyeachwa. Felista alikuwa amekwisha kupewa kiwanja Maendeleo, jirani na cha bintiye, na sehemu yake kwenye shamba la kijiji. Kwa hiyo Yunisi hakukaa matanga, maana asiyeachwa haliliwi. Alilima sehemu yake, kisha akahamia ya mama yake. Tangu hapo hakutulia. Watu walimwona akitembea na kuzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alikwenda sokoni hata siku asiyokuwa na cha kuuza. Akiketi kuchambua mboga, huinuka kabla hazijaisha akasimama mlangoni, akatazama barabara.

Bahari ilikuja mwaka wa pili. Haikuja kwa kishindo. Wachunga ng'ombe walikuta maji bondeni, wakadhani ni ya mvua, lakini ng'ombe walionja wakarudi nyuma. Baada ya muda maji yalifunika kuta zilizobaki, vihenge na msalaba wa kanisa, yakawa ya buluu, yakaanza kupwa na kujaa. Mtaalamu wa maji aliletwa kutoka mkoani. Alionja, akatema, akatoa taarifa kwamba ni bwawa. Wakati huo chumvi ilikuwa haipatikani dukani, na wanawake wa Maendeleo walichota ndoo zao wakapikia maharage. Jambo likawa la kawaida.

Kisha ikaja kambi: mahema meupe kwenye mteremko uliokuwa na mibuni, jiko la makuti, na mashine ya kujazia hewa. Yahaya aliletwa kwa sababu alizaliwa kisiwani Mafia na aliwahi kufanya kazi hoteli moja ya wazamiaji, kabla ya kuchukuliwa na barabara na malori. Yeye ndiye aliyewafundisha watu majina ya samaki waliokuwa wakipita juu ya mashamba yao ya zamani. Wanakijiji waliruhusiwa kuuza mayai na kuni kambini. Kuingia majini hawakuruhusiwa. Aliyehamishwa hakutakiwa kurudi alikotoka, alieleza Zebedayo, na amri haikubagua kurudi kwa miguu na kurudi kwa kuogelea.

Siku chache baada ya treni ile, Yunisi alipeleka kuni kambini. Inga alikuwa amekaa kwenye gogo anakausha nywele. Alimkaribisha chai, akamweleza alichokiona: matumbawe juu ya kihenge, kasa amelala chumbani, na yule bibi.

Yunisi aliuliza ni bibi yupi.

Inga alisema ni yule wa siku zote, wenzake waliokuja mwaka jana walimwona pia. Anakaa kwenye kizingiti cha nyumba ya pili kutoka kanisani, ameegemea ukuta, anachambua maharage. Wageni humpungia mkono naye huwapungia. Mmoja alijaribu kumpa biskuti, lakini ililowa.

"Sikio lake la kushoto?" Yunisi aliuliza.

"Limechanika hapa chini," Inga alisema, akajigusa ndewe. "Ni hereni, nadhani."

Ni mbuzi aliyelichana, si hereni, zamani, Felista alipokuwa msichana. Yunisi aliweka kikombe chini, chai ikiwa nusu, akaondoka bila kuaga. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya kata.

Zebedayo hakuwa mtu mbaya wa kusema naye. Alitoka Rungwe, alipenda usafi, alinyanyuka kumpa mama yeyote kiti. Yunisi hakukaa. Alisema mama yake yuko chini ya maji, kwenye nyumba yake, na anaomba ruhusa akamwone.

"Mama yako yuko hapa Maendeleo," Zebedayo alisema. "Ana kiwanja. Ana sehemu yake shambani, na palizi yake haijachelewa hata msimu mmoja. Mzee mwenye bidii kama yule nitasemaje yuko chini ya maji?"

"Ile palizi naifanya mimi, Ndugu Katibu."

"Basi unamsaidia vizuri. Endelea hivyo hivyo."

Akaeleza, bila hasira, kwamba mtu hawezi kuwa mahali pawili. Kama Felista yuko kule, basi aliachwa. Na hakuna aliyeachwa. Ruhusa ya kumtembelea mtu ambaye hayuko, yeye hana mamlaka ya kuitoa. Alimsindikiza Yunisi hadi mlangoni, akamwuliza habari za watoto.

Kesho yake Yunisi alimkuta Yahaya anajaza mitungi. Alimweleza yote kwa kifupi, akisimama mguu huu, akihamia ule. Yahaya aliizima mashine ili asikie vizuri. Alisema yule bibi anamfahamu, kila akishuka humwamkia kwa kuweka mkono kifuani, kwani kule chini huwezi kusema shikamoo. Hakujua kwamba ana mtoto. Akamtazama Yunisi miguu, akatafuta viatu vya mpira vyenye mapezi vinavyomfaa.

"Neno ni moja tu, dada," alisema. "Usibane pumzi. Ukibana pumzi ndipo unapokufa. Pumua kama mtu asiyekuwa na haraka."

Yunisi hakuwa amepumua hivyo kwa miaka. Alijaribu akiwa ameketi kwenye maji ya magotini, mpira wa kupumulia mdomoni, mkanda wa vipande vya risasi vya kumzamisha kiunoni juu ya kitenge, mpaka Yahaya alipoitikia kwa kichwa kwamba inatosha. Wageni walikuwa wamelala hemani baada ya chakula cha mchana. Wakashuka wameshikana mikono.

Njia ilikuwa ileile. Kulia palikuwa na kijia cha kwenda kisimani, kushoto nyumba ya mwinjilisti. Alama ya moto haikuonekana popote. Matumbawe yalikuwa yamejenga juu ya masizi, mekundu na ya zambarau, na samaki wa milia waliingia na kutoka madirishani kama watoto wa shule. Paa la nyumba ya mama yake lilikuwa limerudi kwa namna hiyo. Felista alikuwa amekaa kizingitini, mgongo ukutani, ungo mapajani. Kando yake palikuwa na furushi lililofungwa.

Alimtazama bintiye akasema, na sauti yake ilisikika vizuri, kama ya mtu aliye chumba cha pili:

"Umekawia. Lori la pili limekuja?"

Yunisi hakuweza kujibu kwa sababu ya mpira mdomoni. Alitikisa kichwa. Mama yake alisema haya, hakuna neno, labda wanatengeneza gurudumu. Akaanza kumpa habari. Maji hayasumbui, ni ya vuguvugu. Wageni wanapita mara kwa mara, watu wenye adabu, ila hawasemi. Aliuliza mtoto mchanga anaendeleaje, akauliza kama amepata pa kulala. Kila swali alilisubiria jibu, na kila mara lilitoka povu tu.

Yunisi alimshika mkono akamvuta. Felista aliurudisha mkono wake kwenye ungo.

"Usinivute, mwanangu. Niliambiwa nikae ndani nisubiri. Nikitoka kwa miguu watasema mimi ni mkaidi, na adhabu wataishusha kwako."

Yahaya alimgusa bega, kwamba hewa inakwisha. Walipanda polepole. Ufukweni Yunisi alivua miwani ya kuzamia, akasema alichoambiwa. Yahaya alikaa anakamua shati lake. Akauliza kama ni kweli aliahidiwa lori, na nani. Yunisi alimwambia.

"Basi," Yahaya alisema. "Mtu akiambiwa gari litakuja, gari lije."

Siku wageni walipopelekwa Mbozi kutazama kimondo, kwa gari dogo la mkoa, lori lilibaki. Yahaya alilijaza mafuta, akafungua vioo vyote ili maji yapite, akavaa mtungi wake na Yunisi wake. Wakashuka bondeni kwa gia ya kwanza, maana mteremko ule ulikuwa mbaya hata enzi za ukavu. Injini ilikohoa mara moja maji yalipofika kwenye boneti, kisha ikaendelea na kazi. Pale kanisani Yahaya alilazimika kumsubiri kasa avuke njia.

Felista alisikia mtetemo kabla hawajaonekana. Walimkuta amekwisha kusimama, ungo umekung'utwa, furushi mkononi. Alilizunguka lori akilitazama.

"Limechelewa," alisema, "lakini limekuja."

Miguu yake ilikuwa imepungua uvimbe kwa kukaa majini. Alikataa kupanda bodi kama mzigo. Alikaa mbele, kati ya dereva na binti yake, na lori likapanda mteremko likimwaga maji kila tundu.

Maendeleo walikuwa shambani. Watu waliweka majembe wakaja kumwamkia Felista, wakamuuliza safari, naye akajibu ilikuwa nzuri ila kungoja kulichosha. Hakuna aliyeuliza zaidi. Wanawake walimletea uji wa ulezi. Alionyeshwa kiwanja chake, akasema kimesafishwa vizuri.

Zebedayo alikuja kwa baiskeli. Aliitegemeza, akamshika Felista mkono kwa mikono yake miwili, akamkaribisha. Kisha akawageukia watu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mmeona wenyewe," alisema. "Muda wote huu ndugu yetu Yunisi anasononeka kwamba mama yake aliachwa. Aliyeachwa anakaaje mbele yenu anakunywa uji? Ntinga ilihamishwa yote. Hakuna aliyeachwa."

Watu walitazama chini. Yunisi alifungua kinywa na, safari hii bila mpira wowote, alikosa neno. Kwa maana mama yake alikuwa pale kweli, anakunywa uji.

Shida ilianza mchana wa siku ya pili, nguo za Felista zilipokauka. Mgongoni kitambaa kilianza kunuka moshi. Yunisi alimwingiza ndani akamvua. Kuanzia mabegani mpaka kiunoni mama yake alikuwa ameungua, na vidonda vilikuwa vibichi, kama vya leo. Pale kizingitini hakuwahi kugeuka. Siku zote aliegemea ukuta.

"Walidhani nyumba ni tupu," Felista alisema, akiwa amelala kifudifudi mkekani. "Nilimsikia mmoja anauliza kama kuna mtu. Mwenzake akasema lori la pili limeshapita. Nilitaka kuitika, lakini nikafikiri, wameambiwa hivyo na wakubwa, labda limepita kweli, mimi ndiye sikusikia." Aliweka shavu mkekani. "Kule chini hapaumi."

Mganga wa zahanati alimpaka dawa ya zambarau. Aliuliza aliungua lini, akaambiwa. Alisema kidonda hiki ni cha jana au juzi, akaandika ni moto wa jikoni. Zebedayo naye alikuja kumjulia hali. Alipouona mgongo ule alivua kofia, na vidole vyake vilikuwa vikizungusha ukingo wake. Yunisi alimngoja aseme.

"Wazee na moto wa jikoni," Zebedayo alisema mwishowe. "Lazima tuitishe mkutano juu ya mafiga." Akavaa kofia, akatoka. Baiskeli yake aliikokota, hakuipanda.

Felista alivumilia siku nyingine. Maji ya ndoo yalimsaidia kwa muda mfupi tu, na hata yale ya chumvi, yakishatolewa baharini, yalikuwa ni maji tu. Usiku alilia kwa sauti ndogo ili watoto wasiamke. Alfajiri alimwomba bintiye amrudishe.

"Nilitaka nikae nawe," alisema. "Lakini hapa naungua."

Yahaya hakuwepo tena. Lori lilikutwa na kutu kwenye breki na konokono wa baharini chini ya kiti, na siku ileile alirudishwa Tunduma akatafute kazi nyingine. Kwa hiyo Yunisi alimbeba mama yake mgongoni, kwa kitenge, kama alivyowabeba watoto, kwa kuwa upande wa mbele haukuwa na kidonda. Felista hakuwa mzito. Njiani alisema maneno machache: kwamba mahindi ya mwaka huu yamekaa vizuri, na kwamba Yunisi apunguze kutembeatembea, miguu ya kwao huvimba ikizeeka.

Ufukweni maji yalikuwa yamejaa. Yunisi alifungua kitenge. Felista aliingia taratibu, na maji yalipofika mabegani aliachia pumzi ndefu, kama mtu anayeweka mzigo chini.

"Usinisubiri," alisema. "Nami sisubiri tena. Nenda ukanililie."

Akaenda zake, mpaka kichwa kikafunikwa. Povu halikutoka.

Yunisi alipanda mteremko akiwa na kitenge kibichi begani. Alijua kwamba hataruhusiwa kuweka matanga ya mtu aliyefika juzi na kushikwa mkono na katibu mbele ya kijiji kizima. Katikati ya mahema alimkuta Zebedayo na wageni wapya waliofika kwa treni, wanaume watatu na mwanamke mmoja, wamekwisha kuvaa mikanda yao. Walikuwa wanauliza jambo kwa Kibemba, na Zebedayo hakujua Kibemba. Alimwita Yunisi kwa heshima amsaidie.

Wageni walitaka kujua nyumba za chini zilikuwa za nani.

"Waambie watu walihamia penye huduma," Zebedayo alisema. "Wote. Kwa hiari."

Yunisi aliwaambia kwamba katibu anasema watu wote walihama kwa hiari. Kisha, kwa Kibemba hichohicho na kwa sauti ileile, akawaambia kwamba nyumba ya pili kutoka kanisani ni ya mama yake, kwamba alichomwa mle ndani akisubiri lori, na kwamba ameingia sasa hivi, wakipita wamwamkie.

Wageni walimsikiliza vizuri. Yule mwanamke aliweka mkono kifuani, akamshukuru. Mmoja wa wanaume akauliza jambo jingine.

"Wamesema nini?" Zebedayo aliuliza.

"Wameuliza kama maji ni ya baridi."

"Na wewe umewajibuje?"

"Bado sijawajibu," Yunisi alisema. Akawageukia, akawaambia kwamba hayana baridi. Zebedayo aliridhika, akawatangulia kushuka, akiwaonyesha pa kukanyaga.